Watu wa giza, watu wa mbalamwezi: shajara ya warsha ya kuigiza Kigoma

Wazo lilianza ziwa lilipofungwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mwaloni Kibirizi watu walibaki kucheza bao na kupiga soga. Siku moja mama mmoja muuza dagaa alituigizia mteja wake wa Dar es Salaam anavyolalamikia bei kwenye simu. Hakubadilisha nguo wala hakusimama. Alikunja shingo kidogo, akashika simu kwa vidole viwili kama mtu anayeogopa kuchafuka, na sote tukamwona yule mteja. Nilimuuliza kama angependa kujifunza kuigiza. Akanicheka: "Mambo ya watoto wa shule hayo, mwanangu."

Mimi nilisomea sanaa Bagamoyo, kwenye chuo kilichoanzishwa 1981 ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo). Nimerudi nyumbani mwaka wa tatu sasa. Niliandika karatasi kwa mkono, nikaibandika saluni, kwa fundi cherehani na kwenye kituo cha bajaji Mwanga: warsha ya kuigiza kwa watu wazima ambao hawajawahi kuigiza, kila Jumamosi jioni, shilingi 1,000 ya chai.

Jumamosi, 24 Agosti

Wamekuja 14. Nilitegemea sita.

Tumeazimwa darasa la chekechea huku Mwanga, kwa hiyo watu wazima 14 wamekaa kwenye viti vya watoto wa miaka minne, magoti yakiwa yamefika kifuani. Nadhani hilo lilisaidia kuliko zoezi lolote nililoandaa, maana ni vigumu kujiona mkubwa ukiwa umekaa hivyo. Mzee mmoja mstaafu wa reli alikaa akasikika *kraa*. Mguu wa kiti umevunjika. Nimeandika deni.

Watatu wameuliza kamera inakuja lini. Mmoja amekuja na picha za pasipoti.

Nilimpa kila mtu dakika moja atuonyeshe chochote anachokiita kuigiza. Tisa kati ya 14 walilia. Wawili waligombana na mtu asiyekuwepo. Nilipouliza wanamtazama nani kama kipimo, karibu wote walimtaja Kanumba, ambaye amefariki tangu 2012 na bado anawafundisha watu kuigiza kuliko sisi tuliosomea. Sina ugomvi na hilo. Ila wao wamechukua machozi yake, wakaacha kile alichokuwa anakitaka kwa mwenzake kabla machozi hayajatoka.

Jumamosi, 31 Agosti

Wanane. Zoezi la kutembea ukumbini: tembea, simama, badilisha mwendo, mtazame mtu machoni, endelea. Kumtazama mtu machoni ndiyo kazi. Dada wa saluni anacheka kila mara. Dereva wa bajaji anatazama paji la uso, anadhani sioni.

Jumamosi, 7 Septemba

Watano tu. Nilikasirika, nikaanza kujiuliza kama nimewachosha na matembezi yangu. Baadaye nikampigia kijana wa kipe (yaani yeye ni mmoja wa wale wanaotoka usiku na mitumbwi, taa na wavu kuvua dagaa). Akapokea kelele za injini zikiwa nyuma yake.

"Mwalimu, hujatazama juu? Mwezi hakuna. Sisi sasa hivi ni watu wa giza."

Nimezaliwa Kigoma na sikulifikiria hilo. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mwezi ukijaa, samaki hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inapumzika. Na giza likiwepo, wanawake wa Kibirizi nao mchana kutwa wapo kwenye vichanja na mchangani wakianika, wakigeuza, wakifukuza kunguru. Mimi nilipanga ratiba kwa kalenda ya ukutani, na robo tatu ya kikundi wanaishi kwa kalenda nyingine.

Nimefuta Jumamosi zote. Ratiba mpya: wiki ya mbalamwezi tunakutana kila siku jioni, wiki za giza, wanaoweza wanakuja Jumamosi kwa mazoezi ya mwili na sauti tu, hakuna jambo jipya la kuwapita wengine. Mwezi unajaa 18 Septemba, 17 Oktoba, na usiku wa 15 kuamkia 16 Novemba. Kwa hiyo onyesho la mwisho litakuwa Jumamosi 16 Novemba, nje, na huenda hatutahitaji kukodi taa.

Jumapili, 15 Septemba

Leo wapo 13, na leo ndiyo warsha imeanza.

Nilikuwa nimeandaa zoezi la hadhi: nani yuko juu, nani yuko chini, na mwili unaonyeshaje. Nililisoma kwa Keith Johnstone, Mwingereza aliyeligeuza kuwa mchezo, na humo watu wanajifunza kuinua kidevu, kutosogeza kichwa, kukalia nafasi kubwa. Nilipoanza kueleza, Mzee wa Reli akanikatiza.

"Mwalimu, sisi hadhi tunaijua kwa salamu. Nani anaanza, nani anaitika."

Nikafunga daftari. Tumefanya shikamoo saa nzima, bila neno jingine, shikamoo na marahaba tu. Shikamoo kwa mzee unayemdai fedha. Shikamoo kwa baba wa kambo. Shikamoo kwa mtu mliyesoma naye darasa moja ambaye sasa ni bosi wako, na hujui kama umwamkie au la. Shikamoo ya bodaboda aliyekugonga. Muuguzi alifanya shikamoo ya kumwamsha mgonjwa ambaye hataki kuamka, laini kabisa, na mkono ukitafuta mapigo ya moyo; tukanyamaza wote. Dereva wa bajaji alipewa marahaba ya mtu aliyeamkiwa na asiyestahili, yaani kijana mwenye mvi za mapema. Alivyojikuna shingo! Wiki tatu nimekuwa nikimwambia "usiigize", na leo hakuigiza.

Kwa Waha salamu ni ndefu zaidi bado. Mama Dagaa (yule muuza dagaa wa Kibirizi, ndivyo tunavyomwita sasa, kakubali) alitufundisha ile ya kwao, kupinda mgongo, viganja vikigongana taratibu, *mwakeye*, kisha habari za nyumba, za watoto, za shamba. Nilimwomba aifanye huku akificha kwamba amekuja kukopa unga. Kila alipouliza habari ya kitu kimoja alisogea hatua moja karibu na jiko la mwenzake.

Nimeandika kwa herufi kubwa: MHUSIKA ANATAKA NINI KWA ALIYE MBELE YAKE. Ni somo la kwanza kwenye kila kitabu cha uigizaji, lakini hapa limeingia kupitia unga.

Jumanne, 17 Septemba

Jana hatukukutana, Maulidi. Nusu ya kikundi walikuwa Ujiji.

Leo mistari minane. Nimeitunga mwenyewe, haina maana yoyote makusudi:

— Umefika.
— Nimefika.
— Mapema hivi?
— Ndiyo.
— Umekula?
— Bado.
— Basi kaa.
— Hapa nimesimama tu.

Kila jozi inapewa hali yake kwa kunong'onezwa sikioni, wengine hawaisikii. Mume karudi ziwani bila kitu. Mwana karudi na mchumba yuko nje kwenye bajaji. Mdai na mdaiwa. Dada wawili siku ya tatu baada ya mazishi. Maneno hayabadiliki hata herufi. Wanaotazama wanakisia hali.

Jozi ya kwanza walibadilisha sauti tu, mmoja mkali, mmoja mnyonge, na hakuna aliyekisia. Nikawaambia wasijali sauti, wajali kitu kimoja: mwenzako akikujibu, jibu lake likubadilishe. Raundi ya pili, "Umekula?" ya dada wa saluni ilichelewa, maana alikuwa anamtazama mwenzake kama mtu anayehesabu. Watu watatu kwa mpigo: "Anajua ana mwanamke mwingine!" Nilichomnong'oneza ni kwamba mume ameuza injini ya mtumbwi bila kumwambia. Wamekosea, ila wamekosea vizuri.

Kijana wa kipe anakariri polepole kuliko wote, hajui kusoma haraka. Lakini ndiye anayesikiliza kuliko wote. Anasema usiku ziwani mnaongozwa kwa sauti, mtumbwi wa pili huuoni vizuri, unausikia.

Alhamisi, 19 Septemba

Sauti. Wengi wanapiga kelele kwa koo, na baada ya dakika kumi wanakohoa. Pumzi itoke tumboni, taya lilegee, mgongo usimame. Nilieleza, nikalala sakafuni, nikaweka daftari tumboni wakaona linavyopanda na kushuka. Mama Dagaa alitazama, kisha akasimama akaita mteja kama anavyoita mwaloni. Sauti ilifika barabarani, koo halikukaza hata kidogo. Nimelikunja daftari. Kesho anafundisha yeye.

Ijumaa, 20 Septemba

Siku mbaya, na kosa ni langu.

Kwa kuwa bado wanataka kulia, niliwapa zoezi la kumbukumbu nililofundishwa: kaa kimya, kumbuka siku ya huzuni, harufu yake, ulichokuwa umevaa, nani alikuwa mlangoni, kisha sema mistari minane. Linatokana na kazi za mwanzo za Stanislavski, yule Mrusi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulipenda sana kwa sababu machozi hutoka kweli.

Fundi cherehani alikaa na macho amefumba muda mrefu. Kisha akasimama, akaikunja futi yake ya kupimia ambayo huwa shingoni, akaiweka mfukoni, akaondoka bila kuaga. Mtu ambaye hata akienda chooni huaga.

Mama Dagaa alinisubiri mlangoni watu walipotoka. Mdogo wake fundi alizama ziwani, na mwili haukupatikana. "Huku kwetu, mwalimu, usimwambie mtu akumbuke tu hivi hivi. Hujui anaishi juu ya nini."

Stanislavski mwenyewe, kabla ya kufariki 1938, alikuwa ameelekea kwingine: mpe mwigizaji kitendo, kitu cha kufanya kwa mikono na mwili, hisia zitakuja zenyewe au zisije, si kazi yako. Nililijua hilo. Nilijibu kwenye mtihani. Zoezi la kumbukumbu nimelifuta kwenye warsha hii na sitalirudisha kwa watu ambao nimewajua wiki nne.

Jumamosi, 5 Oktoba

Giza. Tuko wanne. Tumefanya pumzi, tumekunywa chai. Wiki hii nimekwenda kwa afisa utamaduni wa manispaa kueleza tunachofanya na kuulizia kibali cha onyesho. Alitaka kujua kama kuna siasa ndani. Nikamwambia kuna shikamoo.

Nimekwenda pia kwa fundi. Nilipeleka sketi, nikakaa kwenye benchi lake. Alishona, tukazungumzia bei ya uzi. Nilipomwomba radhi hakuinua kichwa.

"Wewe ulitaka nilie. Mimi nilishalia, mwalimu. Sina ya kuigiza pale."

Nikakubali. Akapima kiuno cha sketi mara mbili ingawa mara moja ilitosha. Kisha akasema atarudi mwezi ukitoka, ila apewe kitu cha mikono.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu ya Nyerere, watu wako huru tangu mchana, tumekaa saa nne nzima. Fundi amerudi. Hakuna aliyesema kitu. Mzee wa Reli alimsogezea kiti kizima.

Tunatafuta cha kuonyesha. Nilikuwa nimeamua vipande vitatu vifupi badala ya igizo zima, maana watu wa miezi mitatu wakipewa igizo la saa moja wanakuwa watumwa wa kukariri. Viwili vitatokana na mistari minane. Cha tatu walitaka kiwe cha Ujiji, na kwa mtu wa Kigoma Ujiji na jukwaa ukiviweka pamoja anakuambia Livingstone na Stanley. Nilinung'unika kidogo. Kila mgeni anapelekwa kuona ule mwembe wa makumbusho, nilitaka tukwepe. Kisha Mama Dagaa akauliza walisalimianaje.

Nikaeleza. Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta mmisionari Livingstone, alitoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Ujiji baada ya miezi karibu minane, akamkuta anayemtafuta, akavua kofia na kusema: ni Dakta Livingstone, nadhani?

"Basi?"

"Basi."

"Ana miaka mingapi?"

Stanley 30, Livingstone 58.

Kelele zilizozuka! Mtoto wa miaka 30 ametembea kutoka pwani, anamkuta mtu mzima, anaumwa, na anamwambia *nadhani*? Hakuna shikamoo, hakuna pole? Mzee wa Reli alimtetea, akasema mtu akizidiwa na furaha mbele ya watu hujikausha, ndiyo maana likatoka neno la ofisini. Na kwa kweli Stanley mwenyewe ameandika kitu karibu na hicho, kwamba alitamani kumkumbatia ila alijizuia mbele ya umati. Mzee hajakisoma. Amekijua kutokana na zoezi la 15 Septemba.

Lakini kilichotupatia igizo ni Susi. Kwenye maelezo ya Stanley, kabla hajamwona Livingstone alikutana kwanza na Susi, mtumishi wake. Susi akakimbia kumpelekea bwana wake habari. Livingstone hakuamini, akamuuliza jina la mgeni. Susi hakuwa amelijua, ikabidi akimbie kurudi kuuliza. Yaani tukio lenyewe maarufu duniani, na katikati yake yuko mtu anakimbia huku na huku kwa sababu alisahau kuuliza jina!

Dereva wa bajaji aliinua mkono kabla sijamaliza. "Huyo ni mimi. Abiria wangu kila siku."

Kwa hiyo kipande cha tatu ni cha Susi. Anataka nini? Kuaminiwa. Nani anamzuia? Mzee aliyesubiri sana hata habari njema anaiona uongo. Livingstone ni fundi cherehani, na kwenye igizo letu anashona kifungo cha shati muda wote. Stanley ni muuguzi, kwa sababu ndiye mwenye kofia kubwa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Msiba.

Si wa kweli. Dada wa saluni na karani wa duka la vifaa vya ujenzi walikuwa kwenye kipande cha dada wawili baada ya mazishi. Nimewakataza machozi, wakaigeuza: mmoja anakazana kuosha vyombo, mwingine anataka alie. Karani akazidiwa, akapiga ukunga mmoja, wa kweli kabisa, sauti ya tumboni ya Mama Dagaa. Tukaupenda, tukaurudia mara nne.

Mara ya nne mlango ulifunguliwa. Wanawake saba wa mtaani na vitenge mabegani, mmoja na mkeka kwapani, nyuma yao mwanamume ameshabeba kiti. Wamekuja msibani. Wakatukuta watu wazima kwenye viti vya chekechea wakinywa chai.

Niliomba radhi mpaka nikaishiwa maneno. Mama wa mkeka alikasirika sana, na ana haki, mambo hayo hayachezewi. Mwingine akauliza, "Kwani nani alilia?" Karani akanyoosha kidole juu kama mwanafunzi. "Unalia vizuri," akaambiwa, "ila mwisho unaukata. Haukatwi."

Mwenye darasa ameambiwa, na kwa upole ametuomba tutafute pengine. Mzee wa Reli ametoa uwanja wa nyumba yake. Tumepita kwa mjumbe kumweleza ili sauti zikisikika watu wajue.

Jumamosi, 2 Novemba

Giza, na mvua zimeshika. Uwanja wa mzee ni matope. Tumefanya mistari kibarazani, tukisikia nusu.

Jumatano, 13 Novemba

Wamebaki tisa. Dada mmoja amehamia Kasulu, wawili wamechoka, mwenye picha za pasipoti amepata tangazo la redio (hongera kwake), mmoja sijui, simu haipatikani.

Kipande cha Susi kilikuwa kinachekesha mno, na leo nimekipunguza. Dereva alikuwa ameanza kukimbilia kicheko cha wenzake: anajikwaa, anapepesuka, anageuza macho. Hapo ndipo vichekesho vyetu vingi vinakufia. Nikamwambia mwenye haraka hajui kwamba anachekesha. Akajaribu tena, safari hii akimwangalia fundi usoni akitafuta dalili ya kuaminiwa, na fundi anashona kifungo. "Jina lake?" Kimya. Uzi unapita kitambaani. Dereva akafungua mdomo, akaufunga, akageuka kukimbia. Hakuna aliyejikwaa na tulicheka zaidi.

Fundi ameomba kitu kimoja, kwamba mwisho, Stanley akishasema neno lake, yeye asijibu haraka. Akate uzi kwanza kwa meno.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua ilinyesha mpaka saa kumi. Tulimwaga mchanga na pumba uwanjani. Karibu saa mbili usiku mwezi ulitokea juu ya vilima, mkubwa, mwekundu kidogo, na muda si mrefu ulikuwa unatosha kabisa. Tulizima taa ya kibarazani na tukabaki na chemli moja kwa ajili ya nyuso.

Nilihesabu watazamaji 60 nikaacha. Kipe kizima kimekuja, wamekaa mbele kama wanaotazama mpira. Mama wa mkeka alikuwepo, safari hii mkeka ukiwa na kazi.

Kipande cha kwanza, Mzee wa Reli na kijana wa kipe, baba na mwana. Kijana akasahau mstari wa nne, wenye neno moja tu, "Ndiyo". Akamtazama mzee. Mzee akasubiri. Kile kimya kikawa kirefu kiasi kwamba mtu nyuma akasema taratibu, "Mwambie tu." Kijana akaitikia kwa kichwa. Sikumfundisha hilo.

Kipande cha dada wawili kilipita vizuri, ukunga haukukatwa. Nilimwona mjumbe akitazama barabarani kama kuna watu wanakuja.

Cha Susi. Dereva alikimbia kutoka kwenye bajaji yake halisi aliyoiegesha nje ya uzio, hilo hatukulipanga. Muuguzi alivua kofia. Alipomaliza kusema "nadhani", mzee mmoja kwenye mkeka akamwamuru kwa sauti: "Mwamkie mtu mzima!" Watu wakaangua kicheko. Muuguzi alisita, akatazama kofia mkononi, akatazama fundi, akapiga goti. "Shikamoo."

Fundi akakata uzi kwa meno. Akaangalia kifungo. Akachukua muda wake wote.

"Marahaba."

Jumatatu, 18 Novemba

Hesabu. Michango ya chai imeingiza 87,000. Chai, sukari, chapati na mafuta ya chemli 64,500. Pumba na mchanga 8,000. Nakala za barua ya kibali 3,000. Zimebaki 11,500. Mwezi unajaa tena 15 Desemba na watu wanne wapya wameandikisha majina kwa Mama Dagaa, akiwemo mama wa mkeka. Ameuliza kama ni lazima kukaa kwenye viti vile vidogo. Fundi seremala wa jirani anataka 7,000 kutengeneza kile kimoja tulichokivunja. Nitakipeleka kesho asubuhi.